Kabla ya Kusaini Mkataba wa Mfumo wa Kompyuta

Mwaka 2005 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitupa mfumo wa kompyuta uliokwisha kula dola milioni 170. Ulikusudiwa kuwaondolea wapelelezi mafaili ya karatasi. Waraka wa mahitaji ulizidi kurasa 800, ukaeleza hata sura ya skrini, na bado mahitaji yakawa yanabadilika kazi ikiendelea. Mradi uliofuata, Sentinel, ulianza 2006 nao ukachelewa. Mwaka 2010 FBI ikauchukua mkononi, ikapunguza watu na kugawa kazi katika vipindi vya wiki mbili mbili. Kila kipindi kilipoisha, kilichokamilika kilionyeshwa kikifanya kazi. Julai 2012 wapelelezi wakaanza kuutumia.

Kinyume cha vipindi hivyo vifupi ni mpango wa kumaliza hatua moja kabla ya kugusa inayofuata, ambao wataalamu huuita maporomoko. Wengi humtaja mtaalamu wa programu Winston Royce kuwa ndiye aliyeupendekeza mwaka 1970. Wanamwonea. Royce aliuchora, kisha akaonya kwamba kuacha majaribio hadi mwishoni ni hatari, na akashauri programu mpya itengenezwe mara mbili, ya kwanza iwe ya kujifunzia.

Kenya nayo inao ushahidi wa faida ya kujaribu mapema. Majaribio ya M-Pesa yalianza Oktoba 2005 kwa wateja wasiofika 500, shabaha ikiwa ni wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu kulipa mikopo kwa simu. Wateja wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikaweka kando mikopo, ikashika utumaji fedha. Hakuna waraka ambao ungeyabashiri hayo; yalionekana kwa sababu huduma ilifika mikononi mwa watu mapema, ikiwa bado changa na rahisi kubadilishwa.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaotaka kila kazi iende kwa vipindi vifupi na karatasi chache. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Makosa yalikuwa ndani ya programu. Panapohusika uhai, kila hitaji liandikwe, likaguliwe na lipimwe kabla mgonjwa hajalala kwenye mashine, hata kama kazi itachukua miaka.

Basi mkuu wa taasisi anayetangaza zabuni ajiulize mambo mawili: watumiaji wanajua kwa hakika wanachokitaka? Kosa likitokea, litarekebishwa kesho au litaua mtu? Kwa mifumo ya ada za shule, ghala au foleni ya hospitali, ambako mahitaji hujulikana polepole, nawasihi msilipe kwa kurasa za ripoti. Lipeni kwa kipande kinachofanya kazi, na karani atakayekitumia akijaribu yeye mwenyewe kabla hundi haijaandikwa.