Mpagazi wa Ndani ya Damu

Zamani za mfalme Mwami M'siri, shaba ya Katanga ilitoka makao yake ya Bunkeya mabegani mwa wapagazi. Dawa ya kansa nayo huhitaji mpagazi, hasa paklitakseli, ambayo asili yake ni gome la mti wa Marekani. Haiyeyuki katika maji, na damu sehemu kubwa ni maji.

Kwa miaka mingi imebebwa na kiyeyushi cha mafuta ya nyonyo na alkoholi. Kiyeyushi hicho huweza kuleta mzio mkali, pumzi ikabana na presha ikashuka, ndiyo maana mgonjwa huchomwa kwanza dawa za kuzuia mzio, kisha hulazwa chini ya dripu, mara nyingi kwa saa 3. Mzigo ulikuwa mzuri. Mchukuzi ndiye aliyesumbua.

Wataalamu wakamgeukia mwenyeji. Albumini ni protini inayotengenezwa na ini, na kila siku hubeba damuni vitu visivyopatana na maji. Walipoifunga pamoja na paklitakseli walipata chembe za nanomita 130 hivi: panga hamsini mstari mmoja, hazivuki upana wa seli nyekundu ya damu. Dawa hiyo, Abraxane, iliruhusiwa Marekani mwaka 2005 kwa kansa ya matiti iliyosambaa. Dripu yake ni dakika 30. Katika jaribio la wagonjwa wapatao 460, uvimbe ulinywea kwa wagonjwa 33 katika kila 100. Kwa dawa ya zamani, 19. Seli za kansa zina njaa, humeza albumini kama chakula. Dawa ikishaingia hukaza nyuzi ambazo seli huzitumia kujigawa, nayo seli hukwama katikati.

Wapo wanaoiita kombora lenye shabaha. Siwaungi mkono. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto walipitia tafiti za miaka 10 za chembe za nano, nyingi za panya, wakakuta kwa kawaida hata asilimia 1 ya dozi haifiki kwenye uvimbe. Na katika jaribio lile la wagonjwa 460, ganzi kali ya mikono na miguu iliwapata wengi zaidi waliopewa Abraxane.

Mgonjwa wa Lubumbashi anayevuka mpaka wa Kasumbalesa kutibiwa Zambia hurudi na karatasi za Kiingereza, azisome muuguzi aliyesomea kwa Kifaransa. Neno paklitakseli litaonekana kwa dawa zote mbili. Muulize daktari: ni ya mafuta au ya albumini? Katika jaribio lile ya kwanza ilitolewa miligramu 175 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, ya pili 260, na moja haishiki nafasi ya nyingine.