Dawa tiba zenye asili ya kulevya (2): Kabati, leja na cheti, kutoka Tumbi hadi Maneromango

Morfini, pethidini, fentanili, kodeini, diazepamu na fenobabitali ni dawa halali zinazotibu wagonjwa kila siku, na zote zimo katika majedwali ya mikataba ya kimataifa ya kudhibiti dawa za kulevya. Mkataba wa 1961 unaweka morfini, pethidini na fentanili katika Jedwali la Kwanza, na kodeini katika la Pili. Diazepamu na fenobabitali zimo katika Jedwali la Nne la Mkataba wa 1971, unaohusu dawa zinazoathiri akili. Nchini Tanzania huitwa kwa pamoja dawa tiba zenye asili ya kulevya. Wodini bado husikika jina la DDA, ufupisho wa Kiingereza wa sheria ya dawa hatari, uliobaki tangu enzi za Mwingereza.

Wengi huuchukulia Mkataba wa 1961 kama orodha ya makatazo. Utangulizi wake unakiri kwamba dawa hizi haziepukiki katika kutuliza maumivu, na kwamba kila nchi ina wajibu wa kuhakikisha zinapatikana kwa wanaozihitaji. Madhara ya uraibu yanatajwa baada ya hapo. Kwa hiyo kila kanuni ya famasi inabeba kazi mbili: dawa isichepuke kwenda mtaani, na isikosekane kitandani kwa mgonjwa. Kazi ya pili ndiyo inayosahauliwa zaidi. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Famasi ya hospitali inayokataa kuweka morfini ili ikwepe usumbufu wa leja imetekeleza nusu ya sheria.

Kwa upande wa Tanzania Bara, vyombo vitatu vinakutana juu ya kabati moja. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyokuwa TFDA hadi mwaka 2019, hutoa vibali vya kuingiza dawa hizi nchini na kukagua ubora na mwenendo wake. Baraza la Famasi, chini ya Sheria ya Famasi ya 2011, husajili wataalamu na majengo, na ndilo linaloamua nani awe msimamizi wa famasi. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, DCEA, iliundwa kwa Sheria Na. 5 ya 2015 na kuanza kazi mwaka 2017. Inafuatilia uchepushaji, pamoja na ule wa kemikali bashirifu kama efedrini. Nyuma yao ipo Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya mjini Vienna, ambako kila nchi hupeleka makisio ya mahitaji yake ya mwaka. Makisio hayo hutokana na takwimu za matumizi, na takwimu hutoka kwenye leja za hospitali. Leja isiyojazwa vizuri leo inapunguza dawa ya mwakani.

Mkoa wa Pwani unaonyesha vizuri jinsi mahitaji yanavyotofautiana. Kibaha iko kwenye Barabara ya Morogoro, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Tumbi hupokea majeruhi wa barabara hiyo mchana na usiku. Kisarawe iko nyuma ya vilima vya Pugu. Baada ya mji mdogo wa wilaya, vijiji vya Maneromango, Mzenga na Vikumburu vimetawanyika mbali, na mgonjwa wa saratani huko huhitaji dawa ya kunywa nyumbani kwa wiki nyingi. Tumbi inahitaji ampuli iliyo tayari saa nane usiku. Maneromango inahitaji chupa ya kutosha hadi safari ijayo. Kanuni ni zile zile, ila mahali pa hatari panahama.

Dawa inapofika kutoka Bohari ya Dawa au kwa msambazaji mwenye kibali, haiachwi kwenye maboksi ya kawaida hata kwa saa moja. Mfamasia, au fundi dawa sanifu aliyekabidhiwa kazi hiyo, huhesabu mbele ya mtu wa pili na kulinganisha idadi na hati ya madai na hati ya kupokelea. Namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda huandikwa, kisha dawa huingizwa kwenye leja kabla ya kufungiwa. Kabati lenyewe huwa imara, limefungwa kwenye ukuta au sakafu, lina milango miwili au kufuli mbili, na halihifadhi kitu kingine chochote. Fedha, simu na funguo za gari hazina nafasi humo, kwa sababu kila anayefuata vitu hivyo anakuwa na sababu ya kufungua. Ufunguo hukaa kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina kila zamu, na hukabidhiwa kwa saini. Kuuacha kwenye droo “ambayo kila mtu anaijua” kunamfanya kila mtu kuwa mshukiwa siku ampuli itakapopotea, hata muuguzi mwaminifu kuliko wote.

Leja ndiyo moyo wa kazi hii. Kila dawa, na kila nguvu ya dawa hiyo, hupewa ukurasa wake: ampuli za morfini za miligramu 10 hazichanganywi na za miligramu 15. Kila mstari huonyesha tarehe, ilikotoka au ilikokwenda dawa, idadi iliyoingia au kutoka, salio na saini. Kurasa zina namba na hazichanwi. Kosa halifutwi kwa rangi nyeupe wala kuchorwa hadi lisisomeke. Hupigwa mstari mmoja, sahihisho likaandikwa pembeni kwa tarehe na saini, ili mkaguzi aone kilichokuwapo kabla na baada. Mkataba wa 1961 unataka kumbukumbu hizo zitunzwe kwa muda usiopungua miaka miwili, na sheria ya nchi yoyote inaweza kudai muda huo uwe mrefu zaidi.

Mfano mmoja wa wodini unatosha kuonyesha mfumo mzima. Majeruhi analetwa usiku na mfupa wa paja uliovunjika. Daktari anaandika pethidini miligramu 75 kwa sindano ya msuli. Ampuli iliyopo ina miligramu 100 ndani ya mililita 2. Wauguzi wawili wanafungua kabati, wanahesabu ampuli na kuona kama zinalingana na salio, kisha wanatoa moja. Muuguzi anavuta mililita 1.5. Mililita 0.5 inayobaki, yenye miligramu 25, haiwekwi akiba kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, wala hairudishwi kabatini ndani ya bomba la sindano. Inamwagwa mbele ya shahidi, na daftari la wodi linaandikwa yote: jina la mgonjwa na namba ya faili, saa, kiasi kilichotolewa, kiasi kilichoharibiwa, daktari aliyeagiza, aliyechoma na aliyeshuhudia. Shahidi anayetia saini asubuhi kwa jambo ambalo hakuliona usiku hajashuhudia chochote. Udhaifu huu ni mwanya mkubwa wa uchepushaji ndani ya hospitali, kwa kuwa karatasi hubaki safi huku dawa ikitoweka mabaki kwa mabaki.

Ampuli tupu hurudi famasi. Wodi haipewi mpya hadi zilizotumika zihesabiwe na kulingana na mistari ya daftari. Zamu zinapobadilishana, anayeondoka na anayeingia huhesabu pamoja na kutia saini wote wawili. Hesabu hii huchukua dakika chache, na ndiyo inayobana muda wa upotevu: pengo likionekana saa moja jioni wakati hesabu ya saa moja asubuhi ilikuwa sawa, uchunguzi una saa kumi na mbili za kufuatilia, na waliokuwa zamu wanajulikana.

Kwa mgonjwa anayerudi nyumbani, mlango wa dawa ni cheti. Cheti cha dawa hizi huandikwa kwa wino usiofutika, kikiwa na jina kamili la mgonjwa, umri na mahali anapoishi. Hufuata jina la dawa, umbo na nguvu yake. Kisha huandikwa kipimo, idadi ya siku na jumla ya dawa itakayotolewa. Jumla huandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, kwa kuwa 10 hugeuzwa 100 kwa sifuri moja, lakini “kumi” haiongezeki bila kuonekana. Tarehe, jina la mwandishi, cheo, namba ya usajili na saini hukamilisha. Cheti hutumika mara moja tu na hubaki famasi. Mfamasia mwenye shaka humpigia simu mwandishi kwa namba ya kituo anayoijua mwenyewe, si ile iliyochapishwa kwenye karatasi aliyoletewa.

Hesabu ya kiasi ni kazi ya kitaalamu, na hapa wagonjwa wa Kisarawe huumia pale isipofanywa vizuri. Morfini ya kunywa ya kawaida ina miligramu 5 katika mililita 5. Kwa miaka mingi Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam imekuwa ikiitengeneza kutokana na unga. Mgonjwa anayeanza na miligramu 5 kila baada ya saa nne hutumia mililita 30 kwa siku, yaani mililita 420 kwa wiki mbili. Kumpa mililita 100 kwa kuogopa ukaguzi, wakati wa masika, na nyumbani ni mbele ya Maneromango, ni kumhukumu alale na maumivu kuanzia siku ya nne. Kanuni inadai kiasi kithibitike. Haidai kiwe kidogo.

Morfini haina kipimo cha juu kilichowekwa kwa wote: huongezwa taratibu kulingana na maumivu, na mgonjwa wa tiba shufaa anayeinywa kwa usahihi kwa nadra sana huwa mraibu. Huleta choo kigumu karibu kwa kila mtu, hivyo dawa ya kulainisha choo huandikwa pamoja nayo tangu siku ya kwanza. Familia huelezwa pia dalili za kuzidisha, yaani usingizi usioamshika na pumzi chache, na kwamba mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa ipo dawa ya kuzuia madhara hayo, naloksoni. Chupa huandikwa jina la mgonjwa na kufungiwa sandukuni, mbali na watoto. Mgonjwa akifariki, kilichobaki kinarudishwa famasi na kupokelewa kwa maandishi. Jambo hili huelezwa mapema na kwa upole, kwa mtu mmoja wa familia aliyekabidhiwa, kwa sababu siku za msiba hakuna anayekumbuka chupa.

Uganda ilikwenda hatua moja mbele: tangu 2004 sheria yake inawaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa tiba shufaa kuandika morfini. Wilaya zenye madaktari wachache na vijiji vya mbali, kama Kisarawe, zina mengi ya kujifunza humo.

Famasi binafsi za Maili Moja na Mlandizi, upande wa Kibaha, hukutana na shida nyingine. Huko maombi ya kila siku ni vidonge vya usingizi, dawa ya kifua yenye kodeini, na tramadoli. Diazepamu haiuzwi bila cheti, hata kwa mteja wa miaka mingi, na cheti cha zamani kilichokunjwakunjwa hakina uhai mpya. Tramadoli haimo katika majedwali ya mikataba, lakini ni dawa ya cheti na hutumiwa vibaya, kwa hiyo famasi makini huiandika kwenye rejista kama zile nyingine. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuenea hadi vijijini, yana orodha yao maalumu ya dawa zinazoruhusiwa. Morfini na pethidini hazimo. Ketamini nayo haiko chini ya mikataba. Shirika la Afya Duniani limependekeza mara kadhaa ibaki hivyo, kwa kuwa ndiyo dawa ya nusukaputi inayotegemewa pale pasipo na mashine wala mtaalamu wa usingizi. Hospitali nyingi huifungia hata hivyo, na ni busara.

Fenobabitali inastahili tahadhari ya aina yake. Ni dawa ya bei nafuu ya kifafa, na Tanzania ina historia nayo: kliniki ya kifafa ya Mahenge, iliyoanzishwa na daktari Louise Jilek-Aall miaka ya mwanzo ya 1960, iliwarudisha wagonjwa wengi kwenye maisha ya kawaida kwa dawa hii. Lakini mgonjwa akikatishiwa ghafla anaweza kupata degedege mfululizo na kufa. Famasi inayoiweka lazima iagize kabla salio halijafika chini, na mgonjwa wa kudumu asirudishwe mikono mitupu kwa sababu mwenye ufunguo amekwenda semina. Utaratibu wa kukaimisha ufunguo kwa maandishi upo kwa ajili ya siku kama hiyo.

Upungufu ukigunduliwa, hesabu hurudiwa papo hapo na watu wawili, kisha msimamizi wa famasi na mganga mfawidhi huarifiwa siku hiyo hiyo. Wizi au upotevu usioelezeka huripotiwa polisi na kwa mamlaka za dawa. Leja haisawazishwi ili ilingane na kabati. Salio halisi huandikwa pamoja na maelezo ya tofauti. Anayeripoti mapema ana ushahidi upande wake, na anayeficha huwa ameshageuza kosa la mtu mwingine kuwa la kwake.

Dawa iliyoisha muda hubaki chini ya ulinzi ule ule. Hutengwa ndani ya kabati lile lile, ikiwekewa alama na kubaki kwenye hesabu, kwa sababu ampuli iliyopita tarehe bado ina thamani mtaani. Hospitali au famasi haiimwagi wala kuichoma kwa uamuzi wake yenyewe. Huandika orodha yenye jina, nguvu, namba ya toleo na idadi, huomba kibali TMDA, na uteketezaji hufanyika mbele ya maofisa wanaotakiwa kuwapo. Hati ya uteketezaji huambatishwa kwenye leja, na hapo tu ndipo idadi hiyo hupunguzwa kwenye salio.