Vipindi 31 na Lugha Isiyo na Kipindi

Katika shule za msingi za Eastlands jijini Nairobi, kuanzia mitaa mikongwe ya Kaloleni na Bahati hadi Umoja na Kayole, juma la mwanafunzi wa Gredi ya Pili hugawanywa katika vipindi 31 vya nusu saa, ambavyo kwa jumla ni saa 15 na nusu za masomo. Mgawanyo huo unatokana na Mtaala wa Umilisi, yaani utaratibu unaompima mtoto kwa yale anayoweza kuyatenda na si kwa yale aliyoyakariri tu. Mtaala huo ulianza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 ili uchukue nafasi ya mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka 1985, na baada ya malalamiko kwamba mtaala huo mpya ulikuwa mzito mno, masomo ya madarasa ya chini yalipunguzwa hadi saba.

Katika vipindi hivyo, 11 ni vya lugha: Kiingereza kina vitano, Kiswahili vinne, na lugha asili, yaani lugha ya jamii ya mtoto, viwili. Tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya mwaka 1976, sera ya Kenya imependekeza kwamba miaka mitatu ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha inayotawala katika eneo la shule. Pendekezo hilo ni rahisi kijijini, lakini katika darasa la Eastlands, ambamo wana wa Wakamba, Waluo, Wakikuyu, Waluhya na Wasomali huketi dawati moja, lugha inayowaunganisha ni Kiswahili, na mara nyingi zaidi ni Sheng, ile lugha ya vijana inayochanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine za Kenya, ambayo kukua kwake wasomi wengi hukuhusisha na mitaa hii hii.

Athari ya Sheng haionekani katika somo la Kiswahili peke yake, ambamo mwalimu husahihisha "kagari" iwe "kigari" na "huchezanga" iwe "hucheza". Katika Hisabati, yenye vipindi vitano, mada ya pesa humkuta mtoto akiwa tayari ni mnunuzi mzoefu, kwa kuwa hutumwa dukani kila jioni, ila hesabu zake huwa na majina mengine: shilingi kumi ni ashu, ishirini ni mbao, hamsini ni finje na mia moja ni soo. Mtoto anayejua barabara kwamba akitoa soo kununua kitu cha mbao nne atarudishiwa mbao moja, anaweza kukwama swali lile lile likiandikwa kitabuni, si kwa sababu hajui kutoa, bali kwa sababu hajalitambua swali.

Shughuli za Ubunifu, zinazojumuisha sanaa, muziki na michezo, ndizo zenye vipindi vingi kuliko somo lolote jingine, yaani saba, na hapo mtaa huingia shuleni bila kubisha hodi. Kati, blada na brikicho ni michezo ambayo watoto huja wakiijua pamoja na kanuni zake, kwa hiyo mwalimu hana haja ya kuianzisha. Kazi yake ni kuwaongoza wazieleze kanuni hizo kwa sentensi kamili.

Serikali ya kaunti nayo, ilipozindua mwaka 2023 mpango wa chakula cha mchana ambao mwanafunzi huchangia shilingi tano kwa mlo, iliuita Dishi na County, ikitumia neno la mtaani ambalo pengine mwalimu angelisahihisha katika insha.

Maendeleo ya mtoto hupimwa kwa viwango vinne, kuanzia mbali na matarajio, kukaribia na kufikia, hadi kuzidisha matarajio. Viwango hivyo huonyesha mahali mtoto alipofika, lakini havionyeshi alikotoka. Kwani aliyeanza juma na mbao, akapita shilingi ishirini ya Kiswahili na kulimaliza kwa jina la Kiingereza, amejifunza kitu kimoja mara tatu, na kazi hiyo ya kuvuka haimo katika kipindi chochote kati ya vile 31.