Pedali ya Kukwaruza Sauti ya Gitaa

Wapo wanaodai kuwa Kiswahili hakimudu kueleza elektroniki. Makala haya yanalipima dai hilo kwa pedali ya gitaa ambayo mwanagenzi aweza kuiunda mwenyewe.

Transista, ikitumia betri ya volti 9 na rezista za kuipimia umeme, hukuza mawimbi yatokayo kwenye gitaa. Kapasita moja huitangulia na nyingine huifuata, ili umeme wa betri usipenye katika njia ya sauti. Kisha dayodi mbili za silikoni, zilizounganishwa baina ya njia hiyo na waya wa ardhi, hukata vilele vya mawimbi vinavyozidi takribani volti 0.6. Kukatwa huko ndiko mkwaruzo wenyewe.

Dayodi hizo sharti zielekee kinyume: moja hukata vilele vya juu, nyingine vya chini. Katika jaribio langu la kwanza nilizielekeza upande mmoja. Nusu ya wimbi ikapita salama, nami nikailaumu betri siku tatu. Mwanagenzi na autazame mstari uliochorwa kwenye dayodi kabla ya kulehemu.

Naam, istilahi kadhaa tumezikopa. Hata hivyo, kosa langu nililigundua nilipojieleza hatua hizi kwa Kiswahili.