Asubuhi ya Dizeli Mugumu

Saa kumi na mbili asubuhi mjini Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, baridi bado haijaachia. Uani mwa gereji kuna Land Cruiser la watalii, lile lililorefushwa, paa lake la kunyanyuka likiwa bado limefungwa na umande umelala juu yake. Dereva anaingiza ufunguo, anauzungusha nusu, anasubiri. Macho yake yako kwenye kitaa cha njano chenye umbo la springi. Kikizimika, anamalizia kuzungusha. Injini inaitika kwa kugongagonga kama mchi unaotwanga kinu kitupu, halafu kidogo kidogo kelele zinapoa, zinakusanyika, unabaki mngurumo mmoja mpana. Hapo ndipo dereva anatabasamu.

Tabasamu hilo nimeliona mara nyingi, Mugumu na Tarime, na kwa miaka nilidhani ni furaha tu ya kuona gari limewaka. Siku hizi nadhani ni zaidi. Mtu anayependa magari hufurahi pale masikio, viganja au mgongo wake unapopokea habari kutoka ndani ya chuma na kuielewa bila kufungua boneti. Raha zake nyingi ndogo ndogo ziko hivyo, na kila moja ina sayansi yake.

Tuanze na huo mchi na kinu. Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Dizeli haina cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Katika 1HZ, injini ya lita 4.2 ambayo Toyota ilianza kuifunga mwaka 1990 kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 70, hewa hubanwa hadi ibaki karibu sehemu moja ya 22 ya ujazo wake. Hewa ikibanwa kiasi hicho hupata joto la zaidi ya nyuzi 500, na dizeli inayopulizwa na nozeli huwaka yenyewe. Lakini alfajiri chuma ni baridi na hulinyonya joto hilo. Ndiyo maana dereva husubiri kitaa: plagi za kupasha zinaandaa chumba cha moto. Hata injini ikishawaka, katika sekunde za kwanza dizeli huchelewa kidogo mno kushika moto. Katika kuchelewa huko inazidi kurundikana, halafu yote inalipuka kwa mkupuo, mgandamizo unaruka ghafla, na chuma kinalia. Silinda zikipata joto, kule kuchelewa kunapungua, mafuta yanaungua kwa mtiririko na mlio unalainika. Kwa hiyo dereva anayesikiliza kelele zikipoa anasikiliza joto likipanda. Hahitaji geji.

Na ule mngurumo wenyewe? Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huwaka mara moja kwa mizunguko miwili. Silinda sita basi hutoa milipuko mitatu kwa mzunguko mmoja. Gari likiwa limesimama injini huzunguka mara 650 hivi kwa dakika. Piga hesabu, utapata milipuko 32 hivi kwa sekunde. Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mitetemo 20 kwa sekunde. Sauti hiyo, kwa maneno mengine, iko karibu na sakafu ya usikivu wetu, mahali ambapo kusikia na kuguswa vinakutana. Unaipokea kwa kifua na kwa kiti. Mtu aliyekulia karibu na iritungu, zeze kubwa la Wakurya lenye nyuzi nane, anaijua hali hii: kuna sauti nzito ambayo hukaa tumboni kabla masikio hayajaamua ni noti gani. Kuna wanaoita mapenzi ya dizeli uzembe wa vijana. Mimi nayaona kama mapenzi ya ngoma nzito.

Silinda sita zilizopangwa mstari mmoja zina heshima nyingine. Pistoni hupanda na kushuka kwa jozi, ya kwanza na ya sita, ya pili na ya tano, ya tatu na ya nne, na jozi hizo zimeachana theluthi moja ya mzunguko. Jozi moja inaposukuma juu, nyingine zinavuta chini, na nguvu zote za kutikisa zinafutana. Weka chupa ya maji juu ya boneti na uyaangalie. Maji yakitulia kwa mawimbi madogo ya kufanana, injini iko salama. Yakiruka kila baada ya muda fulani, kuna silinda inayokosa.

Ili kujua ni ipi, fundi hufanya jambo ambalo likionekana hospitalini hakuna atakayelishangaa. Anachukua bisibisi ndefu, anagusisha ncha kwenye mwili wa injini, anaweka mpini sikioni, anafumba macho. Sauti husafiri kwenye chuma kwa kasi ya mita 5,000 hivi kwa sekunde, dhidi ya mita 340 hewani, na lililo muhimu zaidi ni kwamba mtetemo ulio ndani ya chuma hautoki kirahisi kwenda hewani. Sehemu kubwa hurudishwa ndani. Bisibisi inaupa njia ya kufika sikioni bila kupitia hewa. Mfaransa René Laennec alifika kwenye wazo la jirani mwaka 1816, alipokunja karatasi kuwa bomba ili asikilize moyo wa mgonjwa. Fundi wa Tarime anayehama kutoka nozeli ya kwanza hadi ya sita, akisogeza bisibisi yake sentimita chache chache, anafanya kazi ya jamaa mmoja na daktari huyo. Anapofika kwenye ile yenye kasoro hasemi kitu. Anaigonga mara moja kwa kidole, basi. Sijui furaha ya ufundi iliyo kimya kuliko hiyo.

Sasa tutoke gereji twende barabarani, kuelekea lango la Ikoma. Changarawe kavu ikipitiwa sana hujikunja kuwa vituta vidogo vilivyofuatana kama bati lililolazwa chini. Ndizo rasta. Kila dereva wa huku anajua siri yake: ukienda kilomita 30 kwa saa, gari linatikisika hadi meno yanagongana, ukiongeza mwendo kidogo, ghafla kero inapungua na gari linakuwa kama linateleza juu ya vituta. Mara ya kwanza kijana anapoligundua jambo hili hushangilia kama aliyefunga goli.

Hesabu yake ni nzuri. Tuseme kutoka kituta hadi kituta ni sentimita 80. Kwa kilomita 30 kwa saa gurudumu linapigwa mara 10 hivi kila sekunde. Gurudumu pamoja na ekseli yake, vikiwa vimeshikwa kati ya springi kwa juu na upepo wa tairi kwa chini, vina mdundo wao wa asili, na kwa magari mengi mdundo huo uko kati ya 10 na 15 kwa sekunde. Vituta vinapopiga kwa mdundo uleule, kila pigo linaongezea lililotangulia, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kila anaporudi. Kwa kilomita 50 mapigo yanafika 17. Gurudumu halina tena muda wa kushuka kila bonde. Linagusa vilele tu. Ndiyo maana kunatulia.

Lakini hapo hapo pana hatari, na anayependa gari anapaswa kuijua kuliko wengine. Tairi inayogusa vilele peke yake inaishika ardhi kwa sehemu tu ya muda. Breki zinapungua nguvu, na kwenye kona mkia unahama. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa, na mbali na usalama wa wanyama, namba hiyo ina maana kwa mtu aliye juu ya rasta.

Rasta zenyewe zinatoka wapi? Watu wengi hulaumu malori. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha majaribio waliyofanya kwa meza ya duara inayozunguka, iliyojazwa mchanga, na gurudumu dogo likipita juu yake. Vituta vilijitokeza vyenyewe. Vilijitokeza hata gurudumu lilipokuwa halina springi. Vilikosekana pale tu mwendo ulipokuwa chini ya kiwango fulani, na kiwango hicho kwa gari la kawaida ni kidogo sana, hakimfai mtu mwenye safari. Greda ikipita leo, vituta vimeshaanza kuzaliwa kesho. Kwa hiyo magari yanapaswa kujengwa kwa ajili ya rasta, na nadhani ndipo lilipo jibu la kwa nini wazee bado wanaitaja Peugeot 404 kwa upole. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikuwa mtihani wa barabara za aina hii. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, aliishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na 404. Gari hilo lilikuwa na springi laini zenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka. Gurudumu lilifanya fujo zake huko chini, abiria wakaendelea kuzungumza.

Raha iliyo ndugu wa rasta ni kuingia lami. Barabara ya Makutano, Natta hadi Mugumu imekuwa ikijengwa kwa awamu, na dereva wake anajua mahali hasa ambapo changarawe inakoma. Matairi yanapanda ukingo, *tup*, na kimya kinaanguka ndani ya gari. Watu hushusha mabega. Mwanasayansi Wolfram Schultz alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba chembe fulani za ubongo, zile zinazotumia dopamini, huwaka kwa nguvu pale mambo yanapokuwa mazuri kuliko yalivyotarajiwa, na hutulia yakishazoeleka. Mkazi wa mji wenye lami tupu hana jinsi ya kuipata *tup* hiyo.

Upande wa Tarime raha kubwa ni milima. Mji uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho imepungua uzito kwa karibu asilimia 14 ikilinganishwa na ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo, kama ile 1HZ, inapumua hewa pungufu na nguvu zake zinapungua vivyo hivyo. Malori yanayopita kwenda mpaka wa Sirari yana tabo: feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, inayoweza kufika mizunguko 100,000 kwa dakika, inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Mswisi Alfred Büchi aliisajili hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Nilipokuwa mdogo tulilijua lori lililobeba mzigo kabla halijatokea kwenye kona, kwa ule mluzi mwembamba uliokuwa ukipanda pamoja na mlima. Tulikuwa tunashindana kukisia.

Kushuka nako kuna ladha yake. Gari la tani mbili na nusu likitoka Tarime hadi daraja la Kirumi, pale Mto Mara unapokaribia ziwa, linateremka mita 360 hivi. Nishati inayopaswa kuondolewa inatosha kuchemsha lita 28 za maji baridi. Ukiiachia breki peke yake, utaisikia kwa pua. Dereva mzuri anarudisha gia mapema, anaondoa mguu kwenye mafuta, na injini inageuka pampu ya hewa inayozungushwa na magurudumu. Mngurumo unapanda, mwendo unashuka, breki zinabaki baridi. Anayefanya hivyo bila gari kushtuka, abiria wa nyuma akiendelea kusinzia, ana haki ya kujivuna kidogo.

Mvua ikikaribia, fungua dirisha. Harufu ile ya udongo inatokana kwa sehemu na jeosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa ardhini. Pua yetu huinasa hata ikiwa chembe chache tu kati ya chembe trilioni. Mwaka 2015 watafiti wa MIT walirekodi kwa kamera za kasi jinsi tone linapoanguka juu ya udongo linavyonasa vipovu vya hewa, ambavyo hupanda na kupasuka kama vya soda, vikirusha harufu. Kwa dereva wa Serengeti harufu hiyo ni ilani pia: udongo mweusi wa mabondeni ukinywa maji huvimba na kuteleza. Baadhi hushuka na kupunguza upepo. Tairi yenye upepo wa 35 ikishushwa hadi 20 hukanyaga eneo kubwa zaidi kwa robo tatu hivi, kwa kuwa uzito wa gari haujabadilika na mgandamizo umepungua. Ukifika pakavu, jaza tena, la sivyo tairi itajipasha hadi ipasuke.

Jioni gari linarudi uani Mugumu. Ufunguo unazungushwa, mngurumo unakatika, na sauti ya mwisho ya siku inaanza chini ya sakafu: *tik… tik, tik…* Bomba la ekzosi linapoa. Mita moja ya chuma ikipoteza nyuzi 300 hupungua urefu kwa milimita tatu na nusu hivi, lakini vibanio haviliachii lijivute taratibu. Linang'ang'ania, halafu linateleza kidogo, tik, linang'ang'ania tena. Mwanzoni milio inakimbizana kwa sababu joto hutoka haraka wakati tofauti na hewa ya nje ni kubwa. Kadiri usiku unavyoingia nafasi kati ya tik na tik inarefuka. Mwenye gari huwa bado amesimama pale, kiganja juu ya boneti, ingawa hana tena kazi ya kufanya.

Akishaingia ndani, paka wa gereji hutoka kwenye matairi ya zamani, hupenya chini ya ngao ya mbele na kupanda mpaka kwenye chuma chenye vuguvugu. Ndiyo maana asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, dereva hupiga boneti makofi mawili na kungoja kidogo.