Msomi Asiyeogopa Kupima ni Hazina ya Taifa

Watawala wengi huwapenda wasomi wa kuwapigia makofi. Msomi anayeleta hesabu zake na kusema kwamba jambo fulani haliwezekani huonekana adui. Maisha ya marehemu Ash Carter wa Marekani yatuonyesha hasara ya fikra hiyo.

Carter alisomea fizikia na historia katika Chuo Kikuu cha Yale, kisha akapata shahada ya uzamifu ya fizikia huko Oxford mwaka 1979. Mnamo 1983 Rais Ronald Reagan alitangaza azma ya kujenga kinga dhidi ya makombora ya nyuklia, na silaha za miali ya leza angani zikatajwa kuwa tegemeo. Mwaka uliofuata Carter, ambaye hakuwa ametimiza miaka 30, aliandika ripoti kwa ajili ya Bunge. Alisema uwezekano wa kupata kinga kamili ulikuwa mdogo mno kuwa msingi wa sera ya taifa. Maafisa wa ulinzi walitaka ripoti hiyo iondolewe. Haikuondolewa.

Je, kijana huyo alifungiwa milango? La hasha! Alifundisha Harvard, na mwaka 1993 wizara ile ile ya ulinzi ikampa cheo. Humo alishiriki katika kazi ya kuondoa silaha za nyuklia zilizosalia Ukraine, Kazakhstan na Belarus baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika. Novemba 2012, akiwa naibu waziri, alitia saini agizo kwamba silaha zinazojiendesha ziundwe kwa namna itakayomwachia binadamu nafasi ya kuamua. Alikuwa Waziri wa Ulinzi tangu 2015 hadi 2017, akafariki Oktoba 2022.

Sitetei sera za kijeshi za Marekani. Ninachosifu ni kwamba aliyepinga kwa hesabu hakuhesabiwa msaliti.

Nasi Wakenya tuna la kujifunza. Mnamo Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali ilipaswa kuchunguza kwanza hatari za kadi ya Huduma Namba kwa habari za siri za wananchi. Kwa nini tungoje hakimu atuambie jambo ambalo wataalamu wangelipima mapema? Anayekataa kupimiwa nguo na fundi asimlaumu ikimbana.