Madirisha ya Karavani

Wandugu wanafunzi, mwaka jana sisi wa mwaka wa 6 tuliziba kila tundu ya madirisha ya karavani, ile nyumba ya magurudumu yenye vitabu vyetu hapa Mokambo. Maji ilikosa njia, ikafurika ndani, vitabu vikaoza. Kosa letu.

Mwaka huu, kabla ya mvua ya mwezi wa 11, tulitoa dirisha nzima, tukakwangua mastiki ya zamani, tukakausha bati. Tukabadilisha mpira uliokauka, tukapaka mastiki mpya juu na pembeni. Vitundu vya chini tuliviacha wazi: maji inatokea humo. Tukamwanga ndoo nzima, hakuna tone ndani.

Basi, musivizibe tena na chingamu!